Nani Alikiinamisha Kiko

6 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako ya mwisho ilifika ikinuka nta mpaka mpeleka barua akaniuliza kama nimeagiza mishumaa. Sisi huku wazima, mimi na Mama. Goti lake linamsumbua akipanda ngazi, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza ni lini ulimzaa. Juzi kamaliza mapazia ya hoteli nzima, madirisha arobaini, na asubuhi yake akaanza kulalamika kwamba siku hizi mtu anakaa bure.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Unajua kazi yangu hapa kiwandani ni kusoma kila kitu kabla hakijachapwa, nikitafuta makosa ya wenzangu. (Ulisema ni kazi niliyoifanya bila kuajiriwa tangu nina miaka minne.) Wiki iliyopita mkuu wangu akaniwekea bahasha mezani. Naifungua, nani namwona? Wewe! Umevaa aproni, umekunja uso kama mtu anayesubiri sindano. Kumbe yule mwenye duka kubwa la viko vya tumbaku, anayechukua kazi zako, anatoa kijitabu cha kurasa kumi na sita kuadhimisha miaka hamsini ya kiko chako, Kainama. Jina lako litakuwa kwenye jalada, kubwa, na picha ya hicho kiko chako kilichoinamisha bakuli mbele na kuegemea ubavu kama mtu anayechungulia kisimani.

Tatizo ni ukurasa wa nne. Juu kumeandikwa, "Umbo hili lilianzaje?" na chini hakuna kitu. Mwenye duka anasema kila akikuuliza unacheka na kumtengea chai. Aliposikia mimi ni mpwa wako, mzigo akanitua mimi. Kijitabu kinaingia mtamboni mwisho wa Mei, na kikishachapwa ndivyo itakavyosomeka hata sote tukiwa hatupo. Basi naomba unieleze ukweli mtupu: ulifikiriaje kuchonga kiko cha namna ile?

Nilimwuliza Mama kwanza, maana mlikulia karakana moja. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Akasema, "Aulizwe mwenye kiko." Akaondoka kwenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kwa mtu ambaye hakuwa na chungu motoni.

Mpwa wako,
Mtafuta Makosa


19 Februari

Mtafuta Makosa,

Marahaba, mwanangu. Mimi sijambo. Masikio ndiyo yamestaafu kabla yangu, ndiyo maana nakuhimiza barua. Kwenye simu nasikia mvumo tu, najibu "ndiyo, ndiyo," na mwezi uliopita nikajikuta nimekubali kuletewa godoro. Paka wa jirani amezaa ndani ya sanduku la mizizi ya kuchongea viko. Mizizi niliyoikausha miaka mitatu sasa ni kitanda cha watoto wanne, na mimi fundi mzima nimekaa nasubiri wafungue macho.

Mwambie mama yako goti alikande kwa taulo la moto kabla ya kulala. Usimwambie ni mimi niliyesema.

Unataka asili ya Kainama. Haya, keti.

Wakati huo karakana ilikuwa ya babu yako, nami nina miaka kumi na tisa. Mjini palikuwa na hakimu mmoja mvutaji. Mkono wa kulia ulikuwa wa kuandika hukumu, haukuwa na nafasi, kwa hiyo kiko alikishika kwa kushoto tangu anaingia mahakamani hadi anatoka. Kilikuwa kiko cha kawaida, bakuli limesimama wima, na moshi wote ulikwenda kwa mshtakiwa. Mshtakiwa machozi yanamtoka. Hakimu anamtazama, anasema, "Huyu anajuta," anamwachia. Mwaka mzima hakufungwa mtu hata mmoja. Wezi wa miji mitatu wakaanza kuomba kesi zao zihamishiwe kwake. Wakubwa wakamwandikia kwamba ama aache kiko, ama moshi utafutiwe njia nyingine. Ndipo akaja kwetu, na babu yako akanipa mimi kazi hiyo, nichonge kiko cha mkono wa kushoto, kinachotazama chini, moshi uishie mezani. Nikakichonga. Siku ya kwanza tu walikwenda jela watu saba.

Andika hivyo hivyo. Mwenye duka akitaka jina la hakimu, mwambie alifariki bila kuacha mtoto.

Mjomba wako


2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Salamu zako zimefika na taulo limefanya kazi. Nilimwambia Mama ni ushauri wa daktari, akasema, "Daktari gani huyo anayesema kama kaka yangu?" lakini analitumia.

Kuhusu hakimu: nilicheka mpaka wapanga herufi wakaacha kazi wakaja kusikiliza. Mkuu wangu naye alicheka, akavua miwani akaifuta, halafu akasema, "Mjomba wako anadanganya vizuri sana." Mwenye duka ndiye hakucheka. Anasema marehemu baba yake aliambiwa ni fundi saa, wala hakuna hakimu aliyetajwa.

Nyumbani nilimsomea Mama, nikijua atacheka. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono umetulia juu ya cherehani. Hata kwa wale wezi wa miji mitatu hakutabasamu. Akasema, "Hiyo naijua. Safari hii wezi wameongezeka." Nikamwuliza aliisikia wapi. Akasema mkasi wake umekuwa butu, nimpelekee kwa mnoaji.

Nilikwenda kwa mnoaji. Nimerudi na maswali yangu yote.

Mjomba, nakupenda, na hadithi zako ndizo zilizonifundisha kusoma. Lakini ukurasa huu si wa kunibembeleza nilale. Niambie kweli.

Mpwa wako


15 Machi

Mpwa wangu, kichwa kigumu kama mama yako,

Marahaba. Watoto wa paka wamefungua macho, na la kwanza waliloona ni mimi, kwa hiyo sasa wananifuata hadi chooni. Mvua imeingia upande wa kaskazini wa paa. Nimehamisha meza ya kupakia nta, nimeweka ndoo, nafanya kazi kwa mlio wa matone ambao, shukrani kwa masikio haya, siusikii.

Mwenye duka yuko sahihi. Hakimu ni wa watu wanaopenda kucheka. Aliyeagiza hasa alikuwa fundi saa.

Duka lake lilitazamana na karakana yetu. Alikuwa anainama juu ya saa kutwa, kioo jichoni, koleo ndogo mkono wa kulia, kiko mkono wa kushoto. Kila akivuta, majivu yanadondokea ndani ya saa. Saa zikawa nzito. Kila aliyetengenezewa saa pale akawa anachelewa kwa robo saa, na kwa kuwa mji mzima ulitengenezewa pale, hakuna aliyejua kwamba amechelewa. Waligundua siku aliposhuka mgeni kwenye treni na kukuta stesheni haina mtu. Fundi saa alikuja kwetu ameshika kofia, karibu alie. Nikamchongea kiko kilichoinamia pembeni, majivu yaanguke sakafuni, nje ya meza, upande wa kushoto.

Nadhani hii inatosha kwa ukurasa mmoja. Mwambie mama yako mnoaji mzuri ni yule anayetumia maji, si mafuta.

Mjomba wako


24 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, kazi ni nyingi, ana gauni za maarusi wawili. Mimi nimepata mafua, nikasoma kurasa ishirini za kitabu cha hesabu nikiona namba mbili mbili.

Nakuandikia kuhusu mkono wa kushoto.

Hakimu anakishika kiko kwa kushoto. Fundi saa pia. Mwanzoni nilipita tu, lakini kazi yangu ni kuona kinachojirudia. Mwenye duka ametuletea Kainama kimoja cha kupigia picha. Nikakishika kwa mkono wa kulia, gumba likakosa pa kukaa. Nikakihamishia kushoto, kikalala kiganjani kana kwamba kimefika kwao. Kisha nikaitazama tena picha yako. Tupa ya kusugulia umeishika kwa kulia, Mjomba. Unaandika kwa kulia. Babu alikuwa wa kulia pia, nilimwona akichonga.

Katika nyumba yenu ile mashoto namjua mmoja tu, na jana nilikaa nikamtazama akikata kitambaa cha arusi kwa mkono huohuo.

Nilikileta kile kiko nyumbani, nikakiacha mezani makusudi, nikajifanya nafua. Mama alipita, akasimama. Akakiokota. Akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole shingoni mwake mara mbili. Akasema peke yake, "Shingo wanaifanya nene siku hizi." Akakirudisha pale pale kilipokuwa.

Nilikuwa nimeandika mistari mingine mitatu hapa, nimeifuta. Sina haja ya kuuliza. Wewe ndiye mwenye kusema.

Mpwa wako


21 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Hii ni ya pili bila jibu. Nilimwuliza mpeleka barua kama mifuko ya kwenu imepotea, akasema hakuna kilichopotea.

Kama unaumwa, niandikie neno moja tu, "naumwa," nitapanda basi kesho yake. Kama huumwi, basi najua unachofanya, umekaa kwenye kile kiti cha miguu mitatu unajiambia utajibu kesho.

Ukurasa wa nne bado mweupe. Mkuu wangu anasema tukikosa maneno tutaweka fundi saa, watu wanampenda. Zimebaki wiki tano. Mama haulizi kama umeandika, ila kila nikirudi kazini ananitazama mkono kwanza kabla ya uso.

Mimi sitaki kukuaibisha. Nataka tu nisiwe nimechapa uongo juu ya mama yangu mzazi kwa mikono yangu mwenyewe.

Mpwa wako anayekupenda


6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi. Nisamehe. Nimeandika barua hii mara nne, na tatu zimewashia jiko.

Paliondokea msichana wa miaka kumi na saba. Baba yake alikuwa mchonga viko. Katika karakana ile msichana aliruhusiwa kufagia, kuchemsha chai na kupaka nta. Keekee ya kutobolea na tupa hakuruhusiwa kugusa, hizo zilikuwa za kaka yake, ambaye alikuwa akifundishwa mwaka wa tatu huo na mikono yake ilikuwa mizito kama ya mtu aliyevaa soksi mikononi. Saa za chakula baba na mwana walikwenda nyumbani. Msichana alibaki kufagia, na ufagio wenyewe haukusikika sana.

Palikuwa na kipande kimoja cha mzizi ambacho baba mtu alikiweka miaka kumi na mmoja. Hakikuwa na fundo wala ufa. Alikuwa anamsubiri mteja wa kustahili. Siku moja baba na mwana waliwahi kurudi, wakakikuta kipande kile kimebanwa kwenye jiliwa, kimegeuzwa juu chini, na tundu la moshi limetobolewa kutoka upande usio wake. Na wewe ujue, mwanangu, kwa mchonga viko tundu la moshi likishakwenda pembeni, hakuna cha kurekebisha. Jiliwa yetu ilifungwa kwa mtu wa mkono wa kulia. Mashoto akitaka kutoboa pale ni lazima ageuze kipande, na akigeuza tundu linakwenda kwingine. Bakuli lilikuwa limeanza kuchongwa, limeinama, linalifuata lile tundu.

Baba akauliza mara moja tu, "Nani?"

Msichana alikuwa amesimama ukutani, tupa ameificha nyuma ya mgongo. Nikasema, "Mimi."

Hapo hadithi imenishinda, umeona. Ni mimi, na ni mama yako. Nilipigwa kofi moja ambalo nadhani ndilo lililoanza kuniharibia sikio hili la kushoto. Baba akaniambia nimalize nilichoharibu, nikitumie mwenyewe mpaka nife, niwe nakiona. Aliyemaliza ni mama yako, siku tatu, saa za chakula, mimi nikisimama mlangoni kumlinda. Mpaka hapo, mwanangu, nilikuwa kaka mwema. Naomba ulikumbuke hilo, maana yanayofuata si mazuri.

Siku ya nne akaingia mteja. Akakiona kwenye dirisha nilipokiweka nta ikauke, akakichukua, akakataa kukirudisha. Akaagiza kumi na viwili vya namna ile. Baba akaniwekea mkono begani. Alikuwa hajawahi kufanya hivyo. Ule mkono ulikuwa mtamu, sijui nikuelezeje. Nikamtazama mdogo wangu, alikuwa anafagia, hakuinua kichwa. Nikasema moyoni, nitamwambia baba kesho.

Vile kumi na viwili mama yako alinifundisha kuvichonga, akinishika mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. Hakuniomba kitu. Mwaka uliofuata akaenda kujifunza ushonaji, na karakana hakuingia tena. Baba alipofariki ningesema, nikaona wateja wameshazoea jina langu. Watu walipoanza kuuliza, nikawatungia hakimu, nikawatungia fundi saa. Kila mmoja nilimpa mkono wa kushoto, nikijidanganya kwamba hiyo ni haki yake nimemtolea. Nilijitwika kosa lake, na sifa ilipokuja nikaipokea kwa mikono miwili kana kwamba nayo niliipigiwa kofi.

Sasa naogopa, sikufichi. Nina miaka sabini, sina mke wala mtoto. Kinachojulikana juu yangu katika dunia hii ni kile kiko. Ukiandika haya, jina linatoka kwenye jalada, na sijui nitakayebaki ni nani. Hata hivyo andika. Lakini kabla hujaandika, msomee yeye barua hii yote, hata sehemu zinazonipendelea. Nimekuwa nikimwandikia kupitia mgongo wako miaka yote hii kwa sababu sikuwa na uso.

Mjomba wako


17 Mei

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo, na tena shikamoo. Barua ilifika Jumatano. Nilimsubiri Mama amalize kazi, nikamfunikia cherehani, nikamwambia, "Kaa, nakusomea." Akakaa.

Alisikiliza ametazama mikono yake. Nilipofika pale uliposema "Mimi," alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayethibitisha. Nilipofika kwenye kosa, alininyang'anya karatasi.

"Kosa? Nani kamwambia nilikosea?"

Nikamwambia ndivyo ulivyoandika, kwamba mashoto hana budi kugeuza kipande.

"Nilikigeuza makusudi! Kipande kile nilikitazama mwaka mzima nikikipangusa vumbi. Nilijua tundu litapita wapi kabla sijashika keekee. Nilitaka kiko kitakachokaa humu." Akanyoosha kiganja chake cha kushoto, akakipiga kwa kidole. "Miaka yote hii anafikiri ananifichia uzembe! Si angeniuliza?"

Basi, Mjomba, kumbe hakukuwa na kosa la kujitwika. Nimecheka, halafu nikaona yeye hacheki.

Nikamwuliza kama ni hilo lililomkasirisha muda wote, kwamba ulichukua sifa. Akasema, "Lile kofi lilikuwa langu akalila yeye. Sifa ningempa, angeomba tu. Baba alikuwa karibu kumfukuza karakana, mimi nilikuwa naliona hilo, nikasema acha kimwokoe." Nikauliza, basi ni nini? Ndipo akaniambia habari ya arusi yake. Anasema uliinuka mbele ya wageni, watu wameshiba, wakakuuliza habari ya kiko, ukawapa hakimu na wezi wake. Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Naye akacheka, anasema, akikusubiri umtupie jicho, mcheke wawili. Badala yake ukamgeukia ukamwambia, "Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki."

"Mimi!" akasema Mama. "Akaniambia mimi sikumbuki!"

Na hapo akalia. Nimemwona akilia mara mbili tu maishani, na mara zote hizo palikuwa na jeneza ndani ya nyumba. Nilimshika, na wewe ungefanya hivyo hivyo.

Aliponawa uso akaomba kalamu, akaniamuru niandike. Ukurasa wa nne sasa unasomeka hivi, na mkuu wangu ameupitisha bila kugusa herufi: "Kainama kilichongwa kwanza na binti wa karakana, akiwa na miaka kumi na saba, kwa mkono wa kushoto, kwa ajili ya mkono wa kushoto. Kaka yake alipigwa kofi kwa ajili yake, akakichonga kwa miaka hamsini iliyofuata." Nilitaka kuongeza mengine juu ya sifa na nani aliichukua. Akanikataza. Anasema hayo ni ya ndani ya nyumba. Kwenye jalada mtakuwa wawili. Jina lako ndilo litakuwa la pili, na nimepima herufi mwenyewe, zimelingana.

Halafu akauliza basi la huko linachukua saa ngapi. Nilipomwambia saa tisa, akasema goti litavumilia. Anakuja Jumatatu ya wiki ya kwanza ya Juni, atakaa siku kumi na mbili, atarudi Jumamosi ya wiki inayofuata. Anasema usifikiri anakuja kupatana. Anakuja kwa sababu ya zile shingo nene, hawezi kuruhusu jina lake lichapwe juu ya kitu kama kile.

Amefungasha mikasi miwili na aproni.

Mpwa wako


11 Juni

Mtafuta Makosa wangu,

Marahaba. Mama yako amefika salama, goti linamuuma ila anasema ni kiti cha basi. Paka wote wamemhamia yeye. Vijitabu vimefika vilevile, kumi, asante. Nimetazama jalada muda mrefu. Nilidhani nitaumia, lakini nilipoona jina lake juu na langu chini yake nikahisi kama nimetua ndoo iliyojaa.

Kabla hajaja nilihamisha jiliwa, nikaifunga ncha ya kushoto ya meza. Bolti nne, zimeota kutu tangu enzi za babu yako, zimenichukua siku mbili na vidole viwili. Stendi nilimpokea, tukazungumzia mizigo tu. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri sana na yote yakanipotea njiani. Tulipofika mlangoni mwa karakana akasita. Miaka hamsini, mwanangu. Akavuka kizingiti kwa kushika fremu, akasimama mbele ya jiliwa, akaitazama ilipo. Akasema, "Umeifunga juu mno."

Ndipo nikaweza. Nikamwambia, "Mdogo wangu, kile kiko ulikichonga wewe, na pale arusini ulikuwa unakumbuka kuliko mimi."

Akasema, "Sema tena. Na hayo masikio yako, huenda hata hukujisikia."

Nikasema tena. Nilisema mara tatu, ya tatu nikiwa nalia, mzee mzima. Akanifuta uso kwa aproni yake, akanifuta kwa nguvu kama anasugua sufuria, akaniambia nishushe jiliwa.

Vipande viwili vya kwanza aliviharibu, akasema mizizi yangu ni mibaya. Sikubisha. Cha tatu alikaa nacho siku nne. Mwanangu, mimi nimechonga Kainama zaidi ya elfu, na nilipoona shingo ile inavyotoka chini ya tupa yake nikajua sikuwahi kukichonga hata kimoja.

Jana waliingia wateja wawili, mume na mke, kijitabu hawajakiona. Wakashika kiko dirishani, wakauliza lile swali, umbo hili lilianzaje. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe kwa mazoea. Mama yako hakuinua kichwa kwenye kazi yake, ila tupa ilisimama. Nikaufunga mdomo. Nikawaambia, "Muulizeni huyu."

Wakamgeukia. Akapuliza vumbi la mbao, akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Nilikianzisha mimi. Mnataka vingapi?"

Wametaka sita. Kwa hiyo Jumamosi usiende stendi kumpokea.

Mjomba wako